Mstari Mwekundu Chini ya Neno Sahihi: Uhakiki wa Programu za Kompyuta katika Uchanganuzi na Urekebishaji wa Insha za Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inahakiki programu za kompyuta zinazotumika kumsaidia mwanafunzi kuchanganua na kurekebisha maandishi yake. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya programu hizo imerithi dhana ya neno iliyozoeleka katika Kiingereza, yaani kipande cha herufi kilicho kati ya nafasi mbili, na kwamba dhana hiyo inapopimiwa Kiswahili hutoa majibu ya kupotosha. Makala inapitia chimbuko la zana hizo, inapima vipimo vitatu vinavyotumika sana, yaani tahajia, usomekaji na utajiri wa msamiati, kisha inajadili kipimo cha kauli ya kutendwa. Kwa kutumia aya moja ya mfano, inaoneshwa kwamba zana inayompangia mwanafunzi ushahidi wa maandishi yake mwenyewe ina manufaa kuliko inayomtolea hukumu. Mwisho, makala inagusa nafasi ya akili mnemba katika jambo hili.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada za juu anayeandika tasnifu kwa Kiswahili huwa na wasomaji wawili wa mwanzo. Wa kwanza ni msimamizi wake, ambaye ana wanafunzi wengine na huenda akairudisha sura baada ya wiki kadhaa. Wa pili ni programu ya kuandikia iliyomo ndani ya kompyuta. Huyu wa pili hasubiri. Kila neno linapokamilika hulipima na kutoa uamuzi kwa mstari mwekundu.

Tatizo linaanzia kwenye uamuzi huo. Katika programu inayotegemea orodha ya maneno, mwanafunzi akiandika hawajamsomesha, mstari mwekundu unaweza kutokea kwa kuwa umbo hilo halimo katika orodha, ingawa ni Kiswahili sanifu kisicho na dosari. Mwanafunzi huyohuyo akiandika wana soma, akiacha nafasi pasipostahili, mstari hautokei, kwa sababu wana ni neno na soma ni neno. Umbo sahihi limetiwa doa na umbo lenye kosa limepita salama. Mwalimu anaweza kulicheka jambo hili, lakini mwanafunzi anayeliona kila siku kwa miaka mitatu ya masomo hafundishwi kucheka. Anafundishwa kutilia shaka lugha anayoijua na kuamini mashine isiyoijua.

Kwa hiyo, swali la makala hii si kama kompyuta itumike au isitumike katika ufundishaji wa uandishi. Imekwisha kuingia, na kwa darasa lenye wanafunzi wengi na mwalimu mmoja, msaada wowote wa kweli unastahili kupokewa. Swali ni hili: mashine inaposoma insha ya Kiswahili, huwa inasoma nini hasa, na mwanafunzi abakiziwe kazi gani?

2.0 Chimbuko la Zana na Vigezo Vyake

Zana za aina hii zina historia inayoeleza tabia zake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika maabara za Bell nchini Marekani, palitengenezwa kifurushi cha programu kilichoitwa Writer's Workbench. Miongoni mwa waliokijenga alikuwa Lorinda Cherry. Lengo lilikuwa kuwasaidia wataalamu wa kampuni kuandika nyaraka za kiufundi zinazoeleweka. Programu hizo zilihesabu wastani wa urefu wa sentensi, aina za sentensi, asilimia ya vitenzi vilivyo katika kauli ya kutendwa, na namna sentensi zinavyoanza. Baadaye matokeo yalilinganishwa na viwango vilivyopatikana kutokana na nyaraka za maabara hizo zilizoonekana kuwa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado kiliitumia zana hiyo katika madarasa ya insha.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. Kwanza, kigezo cha uandishi bora kilitokana na aina moja ya matini, ya mahali pamoja, katika lugha moja. Ripoti ya mhandisi ilifanywa kuwa mizani ya kupimia insha ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Pili, pamoja na upungufu huo, zana yenyewe ilikuwa na tabia njema iliyopotea katika nyingi zilizofuata: haikuandika upya chochote. Ilitoa hesabu na maelezo, kisha mwandishi alirudi kwenye matini yake na kuamua mwenyewe.

Umuhimu wa uamuzi huo ulidhihirika katika utafiti wa Nancy Sommers uliochapishwa mwaka 1980, ambao ulilinganisha wanafunzi na waandishi wazoefu. Wanafunzi waliona kurekebisha kuwa ni kubadilisha maneno, yaani kuondoa hili na kuweka lile. Waandishi wazoefu walirekebisha ili kutafuta umbo la hoja. Ikiwa hivyo ndivyo, programu inayoshughulika na neno mojamoja inamzidishia mwanafunzi tabia ambayo tayari anayo na ambayo ndiyo inayomchelewesha. Na ikiwa hata hilo neno mojamoja haliwezi kulisoma vizuri, basi hasara ni maradufu.

3.0 Neno la Kiswahili Mbele ya Mashine

3.1 Tahajia

Kiswahili ni lugha ambishi. Kiima, njeo, yambwa, ukanushi, urejeshi na kauli hushikamana na mzizi ndani ya neno moja. Kwa mfano, neno hawakututumia lina kikanushi, kiima, alama ya wakati uliopita, yambwa na kitenzi chenyewe. Ni sentensi kamili, na tena ni sentensi yenye maana mbili: huenda hawakututumia barua, au hawakututumia sisi katika kazi fulani.

Kwa sababu hiyo, orodha ya maneno haiwezi kuwa kipimo cha kutosha. Tukichukua mzizi wa kitenzi andika, nafsi 6 za kiima, alama 4 za njeo, yaani -li-, -na-, -ta- na -me-, pamoja na maumbo 5 ya kauli, yaani andika, andikia, andikiwa, andikisha na andikishwa, tunapata maumbo 120. Hapo yambwa haijaingia, wala ukanushi, wala urejeshi, wala -ki- na -nge-, wala ngeli nyingine zote zisizo za watu. Hakuna orodha iliyokusanywa kwa kusoma magazeti itakayoyamaliza. Kanuni za kuambatisha viambishi, ambazo baadhi ya programu hutumia, hupunguza tatizo hili kwa kiasi, lakini haziligusi tatizo la pili.

Tatizo la pili ni kosa lililojificha ndani ya neno sahihi. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi l na r anaweza kuandika mahari akikusudia mahali. Asiyetofautisha th na s anaweza kuandika kwamba elimu ina samani kubwa. Mahari na samani ni maneno halali ya kamusi, kwa hiyo mashine hunyamaza, na msomaji hubaki akijiuliza elimu imekuwa kabati tangu lini. Vivyo hivyo kwa upatanisho wa kisarufi: katika vitabu yangu imepotea, kila neno likisimama peke yake ni zuri, na makosa yamo katika uhusiano wake. Programu isiyojua ngeli haiwezi kuuona uhusiano huo.

Ieleweke kwamba makosa haya ndiyo yanayowapotezea wanafunzi alama na heshima. Mwalimu anaposoma insha hasumbuliwi sana na herufi iliyoruka. Husumbuliwa na upatanisho uliovunjika na neno lililokaa mahali pa jingine. Zana iliyoletwa kumpunguzia mzigo imemwachia mzigo ulio mzito zaidi na kuchukua ule mwepesi.

3.2 Usomekaji

Kipimo cha pili kinachoenea ni cha usomekaji. Mwaka 1948 Rudolf Flesch alitoa kanuni ya kupima urahisi wa matini ya Kiingereza, na kanuni hiyo imeingizwa katika programu nyingi za kuandikia. Huanza na 206.835, hutoa 1.015 mara wastani wa maneno katika sentensi, kisha hutoa 84.6 mara wastani wa silabi katika neno. Matini inayopata kati ya 90 na 100 huhesabiwa kuwa rahisi sana, na inayopata chini ya 30 huhesabiwa kuwa ngumu sana.

Tuchukue sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza anaielewa: Watoto wanacheza uwanjani. Ina maneno 3 na silabi 11. Kwa kanuni ya Flesch inapata takriban −106. Sentensi ya Kiingereza yenye maana hiyohiyo, ikiwa na maneno 7 na silabi 9, inapata takriban 91. Sentensi moja, maana moja, watoto walewale katika uwanja uleule; lugha moja imepewa cheti cha urahisi na nyingine imetupwa chini ya sifuri.

Flesch hana lawama. Alipima Kiingereza na hakudai kupima Kiswahili. Lawama ni ya anayeichukua mizani bila kuuliza ilitengenezwa kupimia nini. Katika Kiingereza, neno refu mara nyingi ni neno la kitaalamu, hivyo wingi wa silabi ni dalili ya ugumu. Katika Kiswahili, wingi wa silabi kwa kawaida ni dalili ya sarufi tu. Neno wanacheza ni refu kwa kuwa limebeba nafsi na njeo, na hakuna msomaji anayelipa gharama yoyote kwa urefu huo. Kwa upande mwingine, maneno kama dhana au fani ni mafupi, ila yanaweza kumsimamisha msomaji asiyeyajua. Mwanafunzi anayetii kipimo hiki atavunja vitenzi vyake na kutumia maelezo ya mzunguko, kama vile kuwa katika hali ya kucheza, ili apate namba bora. Namba itapanda na Kiswahili kitashuka.

3.3 Utajiri wa msamiati

Kipimo cha tatu hulinganisha idadi ya maneno tofauti na jumla ya maneno yote katika insha. Uwiano ukiwa mkubwa, msamiati huhesabiwa kuwa tajiri. Hapa upotoshaji unaelekea upande wa pili. Mwanafunzi akiandika nilisema, alisema, walisema, nitasema na hawakusema, mashine huhesabu maneno matano tofauti kati ya matano na kutoa alama kamili. Kwa hakika mwanafunzi huyo ana kitenzi kimoja tu. Hakuna alieleza, alinong'ona, alidai, alikana wala alisisitiza. Insha yenye umaskini wa vitenzi inasifiwa kwa utajiri, na mwanafunzi anaondoka akiwa ameridhika.

Katika vipimo vyote vitatu chanzo ni kimoja. Mashine imechukua nafasi iliyo kati ya maneno kuwa mpaka wa maana. Kwa Kiswahili, mengi yanayomhusu mwandishi hutokea ndani ya mpaka huo, kwenye mofimu, au nje yake, kwenye upatanisho.

4.0 Kauli ya Kutendwa: Hesabu na Hukumu

Tangu zama za Writer's Workbench, programu za uandishi zimekuwa zikiitilia shaka kauli ya kutendwa. Ushauri wa kawaida ni kwamba ipunguzwe. Ushauri huo una asili yake katika mafundisho ya insha za Kiingereza, na hauna budi kuhojiwa kabla ya kuletwa katika Kiswahili.

Katika Kiswahili kauli ya kutendwa ina kazi nyingi zisizo na kasoro. Tukisema mgeni alipikiwa wali, tumemweka mgeni mbele kwa sababu yeye ndiye tunayezungumza habari zake, na mpishi hana umuhimu kwa wakati huo. Uandishi wa kitaaluma nao una desturi yake ya kusema imebainika au inaelezwa, desturi ambayo hata makala hii inaifuata. Kumkataza mwanafunzi kauli hii moja kwa moja ni kumnyang'anya kiungo cha lugha.

Hata hivyo, kauli hiyo inaweza kuwa maficho. Mwanafunzi asiyejua nani alitenda hupata faraja katika kauli ya kutendwa, kwa kuwa sarufi haimdai mtenda. Tofauti kati ya matumizi hayo mawili haionekani katika umbo la kitenzi. Alipikiwa na zilichukuliwa yana kiambishi kilekile. Inayoonesha tofauti ni sentensi, aya, na wakati mwingine kitu kisichomo kabisa katika insha, yaani jambo ambalo mwandishi hakulitafiti. Kwa hiyo mashine inaweza kuhesabu kauli za kutendwa, lakini kuhukumu haiwezi. Ikihukumu, itakosea kwa mgeni na mpishi wake. Ikikaa kimya, itamwachia mwanafunzi maficho yake.

5.0 Zana Inayoonesha: Mfano wa Aya Moja

Ipo aina nyingine ya zana, isiyo na umaarufu mkubwa. Nayo ni konkodansi, yaani orodha ya mahali pote neno lilipotajwa, kila mtajo ukioneshwa pamoja na maneno yanayolitangulia na yanayolifuata. Kabla ya kompyuta, konkodansi za Biblia na Kurani zilitengenezwa kwa mkono. Katika ufundishaji wa lugha, Tim Johns wa Chuo Kikuu cha Birmingham aliwapa wanafunzi konkodansi ili wagundue wenyewe mwenendo wa maneno. Siku hizi programu ya AntConc, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda nchini Japani, hupatikana bila malipo na hufanya kazi bila intaneti baada ya kupakuliwa. Jambo hilo la mwisho si dogo kwa mwanafunzi anayenunua bando kwa fedha yake.

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mjadala huu, kwa mfano wa aya ambazo mwalimu yeyote wa insha amekutana nazo:

Suala la mifuko ya plastiki ni suala ambalo limekuwa likizungumziwa sana. Katika suala hili, wananchi walielimishwa na hatua zilichukuliwa. Mifuko ilikusanywa na ilipigwa marufuku mwaka 2019. Hata hivyo, mifuko hiyo imekuwa ikionekana sokoni. Hivyo basi, suala hili lina samani kubwa kwa jamii na wafanyabiashara wana hitaji kuelimishwa zaidi.

Kikagua tahajia kinachotegemea orodha kinaweza kuipitisha aya hii karibu yote. Samani ni neno, wana ni neno, na hitaji ni nomino. Mwanafunzi atafunga kompyuta akiamini amemaliza.

Tuseme badala yake amepewa kazi tatu za kutafuta. Kazi ya kwanza ni kutafuta neno suala. Konkodansi inampangia mistari 4, mmoja chini ya mwingine, na anaona kwamba katika aya yenye sentensi 5 amelitumia neno hilo mara 4 bila kulisema suala lenyewe ni lipi. Kazi ya pili ni kutafuta wana likifuatwa na nafasi. Mtajo unaojitokeza ni mmoja, wana hitaji, na anaulizwa kama hapo wana ni watoto, ni kitenzi cha kumiliki, au ni kiambishi kilichokatwa na neno lake. Akijibu swali hilo mara moja, hatalihitaji mara ya pili.

Kazi ya tatu ndiyo yenye uzito. Anaiamuru programu ipange maneno yote kwa kufuata herufi za mwisho, ili yanayoishia na -wa yakae pamoja. Yanapatikana 9: likizungumziwa, walielimishwa, zilichukuliwa, ilikusanywa, ilipigwa, kuelimishwa, limekuwa, imekuwa na kubwa. Mashine haijui kwamba kubwa ni kivumishi na imekuwa ni kitenzi kuwa. Katika zana ya kuhukumu, huo ungekuwa udhaifu. Katika zana ya kuonesha, ni somo: mwanafunzi mwenyewe lazima ayatenge, na akishayatenga amefanya uchanganuzi wa mofolojia ambao mtihani wa sarufi ungempa kwa mifano ya kubuni. Yanabaki 6. Kwa kila moja anaulizwa swali moja tu: na nani?

Wananchi walielimishwa na nani? Hatua zipi, zilichukuliwa na nani? Mifuko ilikusanywa na nani? Jibu la ilipigwa marufuku analijua au anaweza kulipata kwa urahisi: Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Mengine hayajui. Ikionekana nayo, ijapokuwa haiishii na -wa, imeficha mtu: nani ameiona, katika soko lipi, ikibeba nini? Hapo inabainika kwamba upungufu wa aya hii haukuwa wa lugha tangu mwanzo. Mwandishi hakuwa na habari. Dawa yake haimo katika kompyuta. Imo sokoni, kwa muuza dagaa, ambaye akiulizwa anafungia bidhaa yake katika nini na kwa nini, atajibu.

Aya itakayoandikwa baada ya ziara hiyo inaweza kuanza hivi: Tangu tarehe 1 Juni 2019, Serikali ya Tanzania imepiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, lakini muuza dagaa bado anatafuta kitu kisichovuja. Neno suala limeondoka bila kukatazwa. Kauli ya kutendwa imepungua bila kulaumiwa. Kilichobadilika ni kwamba sasa yuko mtu katika sentensi. Hiyo ndiyo maana ya kurekebisha ambayo Sommers aliiona kwa waandishi wazoefu, nayo imefikiwa kwa zana isiyojua maana ya neno hata moja.

Haina maana kwamba zana isiyojua lugha inatosha kwa kila kazi. Kazi ya Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye mwaka 1992 alichapisha maelezo ya kichanganuzi cha mofolojia ya Kiswahili kilichojengwa juu ya nadharia ya ngazi mbili ya Kimmo Koskenniemi, imeonesha kwamba kompyuta inaweza kufundishwa kuanzia kwenye mofimu. Kwa kichanganuzi cha namna hiyo, nilisema na hawakusema huhesabiwa chini ya kitenzi kimoja, na kubwa haichanganywi na ilipigwa. Kwa neno kama hawakututumia, kichanganuzi kinachotegemea neno peke yake hakina budi kutoa majibu yote yanayowezekana, na muktadha ndio unaochagua. Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yenye takriban maneno milioni 25 katika toleo lake la pili, inaonesha pia kwamba hazina ya matini za kulinganishia ipo. Kinachokosekana ni daraja la kuifikisha maarifa hayo kwenye dawati la mwanafunzi, katika zana ambayo mwalimu wa insha anaweza kuifungua na kuielewa kwa saa moja.

6.0 Akili Mnemba na Kazi Iliyobaki

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu umepitwa na wakati. Programu za akili mnemba za leo zinaweza kuandika Kiswahili chenye mtiririko. Zikipewa aya ya mifuko ya plastiki, zinaweza kuiunganisha wana hitaji, kuirudisha thamani mahali pake na kuupunguza mrudio wa suala. Kwa upande wa usahihi, hoja nyingi za sehemu ya 3.0 hupoteza nguvu mbele yake.

Lakini hoja ya sehemu ya 5.0 inazidi kupata nguvu. Programu ya aina hiyo ikiulizwa, inaweza kuisafisha aya bila kumpeleka mtu yeyote sokoni. Itaandika kwamba mamlaka husika zilitoa elimu na kwamba wadau wote wanapaswa kushirikiana, sentensi laini zisizo na mtu ndani yake. Mwanafunzi atapokea aya safi kuliko yake, huku upungufu wake halisi, yaani kutojua, ukiwa umepakwa rangi. Mstari mwekundu wa zamani ulikuwa na kosa la kumshutumu asiye na hatia. Usafishaji huu una kosa la kumsamehe mwenye deni.

Kuna jambo la pili linalohusu fasihi zaidi. Mwanafunzi kutoka Unguja anayeandika hadithi akamweka bibi yake jikoni, akakata tungule, anaweza kurudishiwa hadithi yenye nyanya. Nyanya ni neno sanifu na hakuna mwalimu atakayelikosoa. Ila bibi yule hajapata kulitamka jikoni mwake. Neno moja limebadilishwa na nyumba nzima imehamishwa. Mwandishi ana haki ya kuchagua nyanya akitaka kusomwa na wengi, na ana haki ya kubaki na tungule. Zana nzuri ingemwonesha kwamba ametumia neno la lahaja na kumwuliza kama amekusudia. Zana inayobadilisha kimyakimya imemchagulia.

Kwa hiyo, kigezo cha kuchagulia zana hakiwezi kuwa uwezo wake pekee. Programu yenye uwezo mkubwa inaweza kutumiwa kama konkodansi: mwanafunzi anaweza kuitaka imwoneshe vitenzi vyote visivyo na mtenda katika sura yake bila kubadilisha hata herufi moja. Tofauti iko katika amri inayotolewa, na amri hiyo hufundishwa darasani.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba vipimo vya tahajia, usomekaji na utajiri wa msamiati vinavyotegemea mpaka wa nafasi havikisomi Kiswahili ipasavyo: cha kwanza huadhibu umbo sahihi na kupitisha kosa, cha pili hufanya sentensi ya mtoto kuwa ngumu kuliko kitu chochote, na cha tatu husifu umaskini. Imeoneshwa pia kwamba zana sahili inayopanga ushahidi wa matini inaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye urekebishaji wa hoja, mahali ambapo zana ya kutoa hukumu haimfikishi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Vyuo vinavyofundisha kwa Kiswahili visitumie alama yoyote ya usomekaji iliyotokana na kanuni za Kiingereza katika kutathmini kazi za wanafunzi. Kozi za stadi za uandishi ziwe na vipindi vya konkodansi, ambamo kila mwanafunzi anachanganua insha yake mwenyewe na kuiwasilisha pamoja na rasimu ya kwanza. Na watafiti wa isimu kompyuta washirikiane na walimu wa insha kujenga zana inayoanzia kwenye mofimu na inayoishia kwenye swali.

Mwanafunzi aliyeandika hawajamsomesha akaona mstari mwekundu anahitaji kuambiwa na mtu mwenye mamlaka kwamba neno lake ni sahihi. Mpaka zana hizo zitakapojengwa, kazi hiyo ni ya mwalimu, na haifai kucheleweshwa hadi siku ya utetezi wa tasnifu.